Uzi: Wanataka kuziba madirisha ya wodi waweke viyoyozi. Njooni tuzungumze kabla saruji haijamwagwa

#1 Fundi wa Mkomani

Asalaam aleikum wana jamvi, na hamjambo wengine wote.

Kazi yangu ni kutengeneza vifaa vya hospitali: otoklevu (ile mashine ya kuua vijidudu kwenye vifaa kwa mvuke), mashine za oksijeni, friji za chanjo, hata kitanda kikikatika gurudumu huitwa mimi. Wiki iliyopita niliitwa kikaoni katika kituo kimoja cha visiwani kwetu Lamu, jina nalihifadhi, kuonyeshwa ramani ya ukarabati wa wodi ya wanaume. Wodi yenyewe ni ya zamani. Dari iko juu, madirisha ni marefu pande zote mbili, vitanda kumi na viwili. Ramani inasema madirisha yajengwe matofali, vibaki vidirisha vya aluminiamu vya kusukuma, dari ishushwe kwa jipsam, na ukutani vitundikwe viyoyozi vinne. Mezani wote wamefurahi. "Itapendeza kama hoteli." Nikauliza, hewa itaingilia wapi? Nikajibiwa, "Si kuna esi?"

Basi hapo ndipo nilipojua kwamba wengi wetu hatujui kile kidude kinafanya nini. Kiyoyozi cha ukutani hakileti hewa kutoka nje. Kinavuta hewa ile ile ya chumbani, kinaipitisha kwenye mabomba ya baridi, kinairudisha. Kile kimashine cha nje kinatoa joto tu. Kwa hiyo mgonjwa wa kitanda cha tatu akikohoa, na kifua kikuu chake bado hakijapimwa, kikohozi chake kinapozwa vizuri kisha kinagawiwa wodi nzima.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 kuhusu hewa ya asili mahospitalini. Wodi ya kawaida inatakiwa kupata lita 60 za hewa safi kwa sekunde kwa kila mgonjwa. Chumba cha mwenye ugonjwa wa kuambukiza kwa hewa, lita 160. Fanyeni hesabu: vitanda kumi na viwili mara 60 ni lita 720 kila sekunde. Lile tangi jeusi la lita 10,000 mnaloliona juu ya mapaa lingejaa kwa sekunde 14. Hiyo ndiyo hewa inayotakiwa, na vidirisha vya kusukuma vikiwa vimefungwa ili "baridi isitoke" haipatikani hata robo.

Na kuna kipimo kilichofanywa Lima, Peru, kikachapishwa mwaka 2007. Hospitali nane, vyumba 70 vyenye madirisha. Majengo ya kabla ya 1950, yale ya dari ndefu na madirisha makubwa, hewa yake ilibadilika mara 40 kwa saa. Majengo mapya ya madirisha, mara 17. Vyumba vya kupitishiwa hewa kwa mashine, vilivyotengenezwa mahsusi kwa wagonjwa wa kifua kikuu, mara 12. Wakakadiria mtu akikaa humo siku nzima na mgonjwa ambaye hajaanza dawa, uwezekano wa kuambukizwa ni asilimia 39 kwenye vyumba vya mashine, 33 kwenye majengo mapya na 11 kwenye yale makuukuu.

Sasa sisi tunalo hilo kuukuu, tunataka kulipa pesa liharibiwe. Punda wameshaanza kuteremsha mchanga. Nipeni maoni, kikao kingine ni Jumanne.

#2 Muuguzi wa Usiku

Kaka Fundi, waleikum salaam. Umeandika vizuri lakini wewe hulali wodini. Mimi nalala, au tuseme nakesha.

Nikuambie dirisha lako refu linaleta nini. Saa moja magharibi, mbu. Mwezi wa Mei, mvua ya upande inalowesha vitanda vitatu vya kusini, tunavikokota katikati na wagonjwa wakiwa juu yake. Na paka! Wewe ni mtu wa Lamu, hili huwezi kulikana. Paka wa mji huu wanaingia wodi ya wazazi kama wana kadi ya kliniki, wanakwenda moja kwa moja kwenye ndoo ya taka. Nimewahi kukimbizana na paka nikiwa na glavu zenye damu, usiniulize zaidi.

Na hata ukiacha madirisha wazi, wagonjwa wenyewe huyafunga ikifika saa nne usiku. "Dada, umande utaniua." Mzee ana homa, anatetemeka, nitamwambia nini, lita 60 kwa sekunde?

Halafu kipindi cha maleleji, upepo wa kaskazi umekufa na wa kusi haujaanza, hakuna hata unyasi unaotikisika. Mimi ndani ya aproni ya plastiki na barakoa jasho linanidondokea kwenye jeraha la mtu ninayemfunga. Hilo nalo si usalama wa mgonjwa?

Jambo la mwisho. Kabla ya hewa kuna maji. Sinki ya wodi hiyo unayoisema, kama ndiyo ninayoidhania, mfereji wake unatoa upepo. Shirika hilo hilo ulilolitaja lilisema mwaka 2022 kwamba katika nchi kama zetu, wagonjwa 15 kati ya kila 100 wanaolazwa hupata maambukizi humo humo hospitalini. Kwa matajiri ni 7. Mengi ya hayo yanapita mikononi mwetu sisi watoa huduma. Anayetafuta pesa za viyoyozi vinne na hajatafuta za mfereji mmoja, mimi siko naye, lakini siko na wewe pia mpaka unijibu la paka.

#3 Fundi wa Mkomani

Dada Muuguzi, nimekubali kipigo. Nijibu moja moja.

Mbu: chandarua kwa kila kitanda. Wavu wa dirishani unakata upepo, na ukishika vumbi la miezi sita unakata zaidi. Kama ni lazima wavu uwepo, dirisha liongezwe ukubwa, na pawe na mtu anayeusugua.

Paka: ndoo yenye kifuniko cha kukanyagia. Ndoo za kifuniko tulinunua, vipedali vikavunjika, zikaachwa wazi. Hizo ni kazi yangu, nakiri. Na sehemu ya chini ya dirisha inaweza kuwekwa nondo za karibu karibu. Upepo unapita, paka hapiti.

Mvua: kipaa cha kutokeza mita moja juu ya dirisha. Majengo ya zamani yalikuwa nacho, kikang'olewa kwa sababu mabati yake yaliota kutu.

Maleleji: hapo umenishinda, upepo wa kungoja haupo. Ndiyo maana nataka feni za dari, na feni mbili kubwa za kutoa hewa juu ya ukuta wa upande mmoja, ziwashwe siku hizo. Feni ya dari inakula wati 60 au 75. Kiyoyozi kimoja cha ukubwa waliouchora kinakula kama 1,500. Vinne, wati 6,000. Mashine kubwa ya oksijeni, ile ya lita 10 kwa dakika, ni kama wati 600. Yaani stima ya kupoza wodi moja ingeendesha mashine kumi za oksijeni.

Sisemi viyoyozi ni haramu. Thieta ya upasuaji inahitaji, na yake iwe ile ya kuingiza hewa iliyochujwa, si ya ukutani. Maabara inahitaji. Stoo ya dawa inahitaji, kwa sababu dawa nyingi zimeandikwa zisizidi nyuzi 25 au 30. Ninachokataa ni kupeleka stima mahali ambapo dirisha lingefanya kazi hiyo bure, kisha tukose ya kupeleka mahali ambapo hakuna mbadala.

#4 Mjenzi Malindi

Mimi niko Malindi, nimejenga zahanati mbili na nimekarabati nyumba za mawe kadhaa huko kwenu. Fundi uko sawa kwenye hewa, lakini naona uzi huu unaelekea kwenye "ya kale ni dhahabu", naomba tupunguze.

Nyumba ya Kiamu ni darasa la ubaridi, hilo sibishi. Kuta za matumbawe nene, kiwanda (yaani ua) cha wazi katikati, chokaa nyeupe, vichochoro vyenye kivuli kutwa. Joto la mchana linafika ndani jua limeshatua. Lakini usiniletee zidaka hospitalini. Zile ni shubaka za vumbi. Boriti za mikoko darini zinaangusha unga wa wadudu. Chokaa inapukutika ukiipangusa kwa dawa. Ukuta wa wodi unatakiwa uoshwe, kwa hiyo plasta laini na rangi ya mafuta angalau hadi kimo cha mtu, na pembe ya sakafu na ukuta iwe mviringo ili uchafu usijifiche. Makuti ndiyo usiyataje kabisa, yana wadudu, yana ukungu, na cheche moja tu inatosha.

Kitu kinachopoza kweli kwa bei nafuu ni paa. Bati tupu linachoma kama kikaango. Lipake rangi nyeupe, acha nafasi ya hewa kati ya bati na dari, weka matundu juu ili moto utoke. Wodi niliyofanyia hivyo wauguzi walidhani nimeweka mashine.

Na kushusha dari ya jipsam pwani, kwa unyevu huu? Mwaka wa pili utaona madoa meusi. Huo ni ukungu, na ukungu juu ya kitanda cha mtu aliyeungua moto au mwenye kinga dhaifu si mambo ya urembo tena. Kiyoyozi kikiwashwa na kuzimwa kutwa ndiyo kabisa, kila kitu kinatoka jasho.

#5 Mama wa Faza

Mimi si mtaalamu. Nimesoma tu nikaona niseme langu.

Mwanangu wa mwisho alipata nimonia akiwa na miezi saba. Tulitoka Faza kwa boti alfajiri, bahari imechafuka. Kituo tulichofika alipokelewa vizuri, akawekwa oksijeni ya mashine, akaanza kutulia. Usiku stima ikakatika. Mashine ikalia pii, ikanyamaza. Jenereta likawaka, nikaona taa za upande wa ofisini zinang'aa, lakini wodi yetu giza. Muuguzi akakimbilia silinda. Silinda ipo, imejaa, imesimama pale pale ukutani. Spana ya kuifungulia haipo. Walitafuta spana hiyo kwa tochi ya simu, sijui dakika ngapi, mimi nilikuwa nahesabu pumzi si dakika.

Ilipatikana mfukoni mwa mtu aliyekuwa amemaliza zamu, akapigiwa simu akarudi mbio. Mtoto yuko hai, yuko darasa la pili sasa, mtundu ajabu. Lakini naomba kuuliza, kwa nini jenereta linawasha ofisi?

#6 Fundi wa Mkomani

Bi, pole sana. Swali lako ni zito kuliko uzi wangu wote.

Jenereta huwa haliwezi kubeba jengo zima. Kwa hiyo jengo linatakiwa kuwa na nyaya za aina mbili: laini ya lazima, ambayo jenereta inaishika, na laini ya kawaida, ambayo ikizima imezima. Thieta, chumba cha kujifungulia, watoto wachanga, soketi za oksijeni na friji za chanjo zinakaa kwenye ya lazima. Hivyo ndivyo inavyochorwa siku ya kwanza.

Kisha miaka inapita. Mtu anataka soketi ya birika la chai, fundi anavuta waya kutoka mahali palipo karibu. Nimewahi kufungua kisanduku cha laini ya lazima nikafuata waya mmoja mmoja. Nilikuta kiyoyozi cha chumba cha mikutano, friji ya soda, na pampu ya bustani. Soketi za wodi ya watoto zilikuwa upande wa pili. Hakuna aliyekusudia ubaya, lakini tangu siku ile nikiingia kituo chochote kitu cha kwanza ni kuomba wazime stima mchana kweupe kwa dakika tano, tuone nini kinabaki kikiwaka. Wengi hawapendi zoezi hilo. Afadhali mchana huo kuliko usiku kama ule wa 25 Agosti 2023, nchi nzima ilipozimika.

Na kila kitanda chenye mashine ya oksijeni kiwe na silinda, na silinda iwe na spana yake. Hiyo haihitaji mhandisi.

#7 Sola wa Pate

Niingie na mimi, maana naona hakuna aliyetaja jua. Mwaka 2023 kulitoka ripoti ya Shirika la Afya Duniani na wenzake, kwamba karibu watu bilioni moja duniani wanategemea vituo vya afya visivyo na stima ya kutegemewa au visivyo nayo kabisa. Baadhi yao wako kwenye boti yangu kila wiki.

Nimefunga sola kwenye zahanati za visiwani. Kinachoziua si jua kukosekana. Cha kwanza ni chumvi: skrubu za chuma cha kawaida huisha kama sukari, weka chuma cha pua. Cha pili ni joto la betri. Betri za risasi na asidi hupimwa kwa nyuzi 25. Kila joto likipanda nyuzi kumi juu ya hapo, umri wake unakatika karibu nusu. Wanaziweka kwenye kibanda cha bati, halafu wanasema sola ni mbovu. Cha tatu ni televisheni inayonyonya stima hiyo hiyo.

Friji ya chanjo iwe ile ya kunywa jua moja kwa moja bila betri, inayoganda barafu kwenye kuta zake ikahifadhi baridi usiku. Chanjo nyingi zinataka nyuzi 2 hadi 8, na watu huogopa joto tu, wanasahau kwamba chanjo ya pepopunda ikiganda nayo imekufa.

Ushauri wangu wa kuokoa stima: otoklevu iwashwe saa tano hadi saa nane mchana jua likiwa kali, vifaa vya siku nzima kwa pamoja, badala ya kuiwasha mara nne kwa mikasi miwili miwili.

#8 Muuguzi wa Usiku

Hapo kwenye otoklevu nisimame. Kukusanya vifaa sawa, kuvishindilia hapana. Mvuke usipopita kati ya vifurushi umevipasha moto tu. Na kuna watu "wanaokoa stima" kwa kupunguza dakika. Nyuzi 121, dakika 30 kwa vilivyofungwa, 20 kwa visivyofungwa, na saa inaanza kuhesabu joto likifika, si pale ulipobonyeza swichi. Ile tepu yenye mistari inayogeuka nyeusi inakwambia kifurushi kimepita kwenye joto. Haikuambii kwamba ndani kumekuwa safi.

#9 Mwanafunzi Langoni

Shikamooni. Nasoma uuguzi, nina maswali matatu msinicheke. Je, maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi yanafaa kwa otoklevu, maana maji yetu ya visima yana chumvi? Pili, zile taa za zambarau za kuua vijidudu zinazouzwa mtandaoni, si zingetosha badala ya madirisha? Tatu, kwa nini tusipulizie wodi klorini usiku?

#10 Fundi wa Mkomani

Marahaba. Hakuna wa kukucheka.

Maji ya kiyoyozi hayana chumvi, ndiyo, lakini yamepita kwenye mabomba ya shaba na trei yenye utelezi wa kijani. Dekia sakafu, yasitie mguu kwenye otoklevu. Maji ya kisima nayo huacha magamba meupe kwenye hita, na hita yenye magamba inakula stima zaidi mpaka inaungua, nimebadilisha nyingi. Maji ya mvua ya jabia safi, lile birika la kuyakusanyia, yakichujwa kisha yakatoneshwa, yaani yakageuzwa mvuke kisha maji tena, ndiyo mwafaka. Wazee walijenga majabia huko Faza na Pate, sisi tunanunua chupa Mombasa.

Taa: ile ya kweli ina mwanga wa nanomita 254, unaochoma macho na ngozi. Hufungwa juu karibu na dari, mwanga wake usimshukie mtu, na feni iwepo ya kupandisha hewa ifike huko. Ikishika vumbi haifanyi kitu. Nyingi za mtandaoni ni taa ya disko.

Klorini namwachia dada.

#11 Muuguzi wa Usiku

Mwanangu, usipulizie. Dawa ya kupuliza haifiki chini ya uchafu, na wenye pumu utawaua. Unafuta, kwa kitambaa, kwa mkono. Damu ikimwagika unavaa glavu, unaondoa kwanza uchafu wenyewe, ndipo unatia klorini ya asilimia 0.5. Jik ya asilimia 3.5 ni kipimo kimoja kwa vipimo sita vya maji. Ichanganywe upya kila siku, na usiichanganye hata siku moja na dawa ya choo yenye asidi, gesi yake inakata pumzi.

#12 Nahodha Mstaafu

Sikiani vijana. Mimi si tabibu, nimeshika usukani miaka arubaini. Yeo mjukuu wangu amenisomea haya yote, na hakuna hata mmoja wenu aliyeuliza upepo watoka wapi na wenda wapi.

Mwasema madirisha pande zote mbili. Vyema. Lakini mwenye kukohoa mwamlaza wapi? Mkimlaza upande wa upepo, kikohozi chake chapita kwa wote kabla hakijatoka nde. Katika muyi huu kaskazi huya na mashariki yake, na kusi nayo huya na mashariki yake. Pepo mbili zapingana, lakini zote zatoka upande wa mashariki, zaipa mgongo bahari ya Manda. Basi wenye vikohozi na walazwe upande wa bara, machweo. Mwaka mzima watakuwa chini ya upepo. Hata jahazini, mwenye kuvuta tumbaku hakai tezi la juu.

#13 Fundi wa Mkomani

Babu, shikamoo. Miaka yote hii nimepima hewa kwa kijiti cha udi, sikuwahi kuliwaza hilo. Ramani ya sasa imeweka chumba cha wenye vikohozi mashariki, kwenye mandhari ya bahari, na madirisha yake yanaangalia korido ya kliniki ya wajawazito. Jumanne naliweka mezani.

#14 Fundi wa Mkomani

Mrejesho, maana mmekuwa mkiniandikia kwa faragha.

Kikao kilikuwa kirefu. Sikutumia karatasi. Niliwasha udi wodini mbele ya wakubwa, madirisha wazi, moshi ukatoka kabla sijamaliza sentensi. Tukafunga yote, tukawasha kiyoyozi kimoja cha kubebwa, moshi ukazunguka vichwani mwetu kama mkufu. Mwenyekiti alikohoa, sikumwambia neno.

Madirisha yanabaki. Vipaa vinarudi, nondo za chini zitawekwa. Viyoyozi viwili vinahamia stoo ya dawa na maabara, viwili vimefutwa, na pesa zake zinaingia kwenye mfereji na sinki mbili, dada Muuguzi, moja iko mlangoni kabisa. Chumba cha vikohozi kinahamia machweo, na pale mashariki patakuwa stoo ya mashuka. Jipsam nimeshindwa. Mkandarasi ameshaagiza, wanasema hairudishwi. Mjenzi, utakuja kunicheka mwaka wa pili. Laini ya lazima tunaifuata waya kwa waya kuanzia Jumamosi.

#15 Mama wa Faza

Na spana?

#16 Fundi wa Mkomani

Zimefungwa kwa mnyororo, kila silinda na yake. Nimezifunga mwenyewe, sita.

#17 Muuguzi wa Usiku

Ni tano. Nimezihesabu usiku wa jana. Ya wodi ya wazazi mnyororo upo, spana hamna. Njoo asubuhi.